Hupendi Nini Hapo?

Kwa bibi yangu Kimbiji, mtoto aliruhusiwa kukataa chakula kwa sharti moja: aseme ni kitu gani hasa kilichomkera. Kusema "sipendi" ukasukuma sahani hakukutosha, ingawa hukupigwa wala kusutwa. Bibi aliweka mwiko chini, akakugeukia, akauliza, "Hupendi nini hapo?" Na jibu alilingoja. Ni harufu? Ni ute? Ni uchungu, ni miiba, chumvi imezidi? Kimekukwama kooni, au macho tu ndiyo yaliyokataa? Ukishindwa kujibu ulipewa tonge jingine, ulile taratibu, kisha ukaulizwa tena.

Wengi wa rika langu walilelewa kwa "kula, wenzio wanalala njaa". Nawaelewa wazee waliosema hivyo, maana njaa waliijua kwa miili yao. Lakini naamini kwa moyo wangu wote kwamba bibi alikuwa na njia bora, na karibu yote ninayoyajua jikoni niliyapata katika kulijibu swali lile.

Kimbiji iko kusini mwa jiji la Dar es Salaam, kwenye ukingo wa Bahari ya Hindi, mbele kabisa ya Mjimwema na Gezaulole. Tulipokuwa wadogo tulihesabiwa watu wa Temeke; Kigamboni ilipomegwa na kuwa wilaya, tukawa wa huko. Kwenda mjini ilikuwa shughuli: barabara ya mchanga, kisha pantoni, kisha foleni ya kushuka. Kwa hiyo tulikula kilichokuwepo. Muhogo ulikuwa shambani, minazi uani, kunde na mbaazi kwa msimu, tembele nyuma ya bafu, na bahari mbele. Dukani tulifuata sukari, chumvi, unga wa sembe na mafuta ya taa. Mboga ya siku ilitegemea maji yametoka au yamejaa. Bamvua likiwepo na mwamba ukaachwa wazi, kina mama walirudi na pweza na chaza. Bahari ikichafuka, tulirudi kwenye ng'onda na papa mkavu waliokuwa wakining'inia juu ya jiko.

Na papa ndiye niliyemkataa mimi.

"Hupendi nini hapo?"

"Harufu."

"Harufu ya nini?"

Niliogopa kusema, maana ni chakula cha wakubwa na ni riziki. Akanihimiza. Nikasema: ya chooni.

"Umesema kweli," bibi akajibu, na hapo hapo akaniita nikae naye tukimwandaa mwingine. Nilikuja kusoma baadaye, nikiwa mtu mzima, kwamba papa huhifadhi urea kwenye damu na nyama yake ili mwili wake uhimili chumvi ya bahari. Akishakufa, vijidudu huigeuza urea ile kuwa amonia, na amonia ndiyo ile niliyoisikia nikiwa mtoto. Sikukosea, na bibi hakunibembeleza aliponikubalia. Alimloweka papa usiku kucha, akabadilisha maji alfajiri, akamchemsha, akayamwaga maji ya kwanza mbali na nyumba. Kisha akanipa kazi ya kumbambua ngozi, ambayo ni msasa mtupu, na kumchambua nyuzi nyuzi. Ukwaju aliutia mapema, papa akiwa bado na maji yake machache, akauacha uchemke naye. Uchachu hukamata amonia isiruke kwenda puani, na ukiingia mapema hauwi tena mkali kiasi cha kulikata tui litakalokuja. Tui jepesi lilifuata, akaliacha likauke. Tui zito lilikuja mwisho, kwa moto wa makaa machache, naye akawa analichota kwa upawa na kulimimina, kulichota na kulimimina, bila kuondoa macho kwenye sufuria.

Nikaonja. Harufu ilikuwepo, ila mbali, nyuma ya ukwaju. Nilikula. Leo papa wa nazi na bada la muhogo ndicho chakula ninachokitamani nikiwa mgonjwa, na nikimkuta amepikwa kwa haraka, hakulowekwa vya kutosha, namwacha vilevile kama nilivyomwacha siku ile. Ladha yangu haijabadilika hata kidogo tangu utotoni. Kilichobadilika ni kwamba najua mahali pa kuinyooshea kidole.

Binamu yangu mmoja hakupenda bamia kwa sababu ya ute. Ndugu yake, wa tumbo moja, alizipenda kwa sababu ya ute huo huo, na mlenda uliotiwa magadi angeweza kuunywa. Nyumba nyingine ingepika vyungu viwili, au ingemlazimisha mmoja. Bibi aliziosha bamia, akazifuta kwa kitambaa mpaka zikakauka, akazitupia nzima nzima juu ya mchuzi wa samaki wenye ukwaju. Bamia isiyokatwa haimwagi ute wake mchuzini. Asiyeutaka aliimega ncha na kula upande wa nje pamoja na mchuzi. Anayeutaka aliibinya yake kwenye tonge. Sufuria moja, jioni moja, watoto wawili wametulia. Hadi leo naihesabu hiyo kuwa akili kubwa, na wenye akili ya namna hiyo hatuwasifu inavyostahili kwa sababu kazi yao huliwa ikaisha.

Kisamvu lilikuwa suala la mikono. Mtoto aliyelalamika kwamba kina nyuzi na kinauma ulimi alipelekwa kwenye kinu. Si adhabu: bibi alitaka aone. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi iliyofungwa ndani yake, na ni kule kutwangwa kunakoyavunja hadi sumu ijitenge, kisha kuchemshwa sufuria ikiwa wazi kunakoipeleka hewani. Kwa hiyo uvivu wa mchi unaonekana mdomoni. Bibi alituchumisha yale majani ya juu tu, machanga, akakataa yaliyokomaa, na alikuwa mkali sana juu ya kifuniko. Ole wako ukikifunika kisamvu kinachochemka. Siku hizi sokoni Mbagala kinauzwa kilichosagwa kwa mashine, laini kabisa, na nakinunua kwa shukrani maana kinu sina. Lakini kifuniko nakiweka kando, na kukichemsha sikufupishi.

Kuna kukataa kwingine ambako bibi alikulinda kuliko vyote. Pwani yetu, kuanzia Kimbiji kwenda Buyuni na Pemba Mnazi, iliteswa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Sheria iliupiga marufuku tangu 1970, lakini asubuhi za bahari tulivu tulikuwa tukiusikia mshindo tukiwa tunafagia uwanja. Baadaye kidogo kijana angepita na mtungo wa samaki, bei rahisi, samaki wazuri kwa macho: changu, tasi, wamenawiri, macho yanang'aa.

Bibi alimshika samaki mmoja mkiani akamlaza hewani. Samaki aliyevuliwa karibuni kwa mshipi au dema hukakamaa. Huyu alilegea, kichwa kikaning'inia. Akapitisha kidole gumba taratibu kwenye uti wa mgongo, kutoka kichwani kwenda mkiani, akasimama katikati. Akauchukua mkono wangu akauweka pale. Chini ya ngozi ambayo haikuwa na jeraha lolote, mfupa ulikuwa umeachana. Kidole kilizama mahali ambapo hakikupaswa kuzama. Akamfungua tumbo. Damu ilikuwa imejaa ndani, imeganda.

"Huyu kapigwa," alisema, akamrudishia kijana mtungo wake. Kijana aliapa kwamba ni wa wavu. Bibi hakubishana naye. Alimwambia tu, "Mwanangu, mimi nina watoto wadogo hapa. Mifupa imevunjika ndani ya nyama, nitawatolea mwiba gani?"

Tulikula ugali na tembele siku hiyo. Tulinuna, maana tulikuwa tumeshawaona changu. Jirani walinunua na sikuwalaumu wakati ule wala siwalaumu leo. Mwenye watoto wengi na shilingi chache ana mahesabu yake. Lakini ukweli ni kwamba samaki wa baruti huharibika upesi kwa damu iliyomwagikia ndani, nyama yake humeguka chunguni ikawa uji, na nyuma yake amebaki mwamba uliopasuka ambao hautazaa changu wengine kwa miaka mingi. Bibi alikuwa na jibu kamili la swali lake mwenyewe: alijua asichokipenda kiko wapi, aliweza kukugusisha. Miaka ya karibuni mishindo imepungua sana, na kila nikienda nyumbani asubuhi ikapita kimya namshukuru Mungu. Hata hivyo kidole changu bado kinapita kwenye mgongo wa kila samaki ninayemnunua soko la Feri, na wauzaji wananijua kwa hilo.

Mara moja tu swali la bibi liligonga mwamba, na lilikuwa kwa mtu mzima. Mjomba wangu alifanya kazi bandarini miaka ya mwanzo ya 1980. Ulikuwa wakati wa maduka ya kaya, wa kupanga foleni usiku kwa sabuni na unga. Mwaka 1983 ndio ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Mahindi hayakutosha nchini, na unga wa njano ulioletwa kama msaada, mwingi ukitoka Marekani, ndio uliopatikana mjini. Watu waliuita unga wa Yanga, kwa ile rangi ya jezi za klabu. Kenya nao waliuonja wa kwao katika ukame wa 1984, na watu wa umri ule ukiwatajia unga wa njano huko pia nyuso hubadilika.

Miaka mingi baadaye, jirani mmoja alipanda mahindi ya njano akatuletea unga. Mama mkubwa akasonga ugali. Mjomba alipouona alisimama, akanawa mikono iliyokuwa tayari imenawa, akatoka nje. Bibi alimfuata na swali lake. Ni harufu? Hapana. Ni utamu wake? Hapana, hata hajaonja. Alisema, "Mama, ule nilikula peke yangu mjini na sikuwa na cha kuwaletea huku."

Bibi hakuuliza tena. Aliporudi ndani alimsongea wa sembe, kidogo, kwenye sufuria ndogo, na sisi tuliobaki tukala wa njano, ambao kwa kweli ulikuwa mtamu. Najua leo kwamba unga ule ungemfaa mwilini, kwa kuwa mahindi ya njano yana karotini ambayo mahindi meupe karibu hayana kabisa, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtaalamu wa lishe angemshawishi mjomba kwa hilo. Mimi nisingemjaribu. Kuna chuki ambazo haziko kwenye sufuria, na mpishi anayezitafuta humo atabadilisha viungo mpaka achoke. Ninachokisifu kwa bibi ni kwamba hata hapo aliuliza kwanza. Asingeuliza, angemwona mjomba kuwa mwenye madeko, na mjomba angebeba neno lile moyoni miaka mingine tena.

Shangazi alipokuwa mjamzito aliikataa nazi kabisa, yeye aliyezaliwa na kukulia chini ya minazi. Jibu lake lilikuwa fupi: inanichefua, hata mlio wa mbuzi ukikuna. Basi kwa miezi kadhaa tulikula samaki chukuchuku, ndimu na chumvi na pilipili, na nazi ikakuniwa kwa jirani. Nilipokuja kusoma utafiti uliofanywa Philadelphia na Julie Mennella na wenzake, uliochapishwa 2001, nilimkumbuka shangazi. Wanawake waliokunywa juisi ya karoti miezi ya mwisho ya ujauzito walizaa watoto ambao, walipoanza uji, waliupokea kwa furaha zaidi ule wenye ladha ya karoti. Mtoto huanza kuonja akiwa tumboni. Mtoto wa shangazi amekuwa mtu wa ndimu hadi leo. Sidai kwamba sababu ni hiyo, ila pale nyumbani hakuna asiyeamini.

Nilipoolewa nilidhani nazi ni ya watu wote. Mume wangu ni Msukuma wa Misungwi, amekulia sato wa kuchemsha kwa nyanya na limau. Samaki wangu wa nazi wa kwanza aliwala kwa adabu, polepole, akashushia na maji mengi. Nikamuuliza lile swali. Alishtuka, kwao mtu halalamikii chakula cha mkewe. Nilipomsisitiza akasema, "Utamu. Samaki na utamu haviendi." Hilo nililiweza. Nilipunguza tui zito nikaongeza ndimu, nikamtilia pilipili ya kuponda pembeni, na samaki nikawakausha kwanza kwa moto mkali kabla ya kuingia mchuzini. Sasa yeye ndiye anayeulizia pweza wa nazi tukipitisha muda bila kumpika.

Kwa mama mkwe mambo yalikuwa tofauti. Alinipikia michembe ya karanga kwa mikono yake, na mkwe humwambii kwamba chakula chake hakipandi. Nilijiuliza mwenyewe kimoyomoyo, tonge kwa tonge, nini hasa. Nikagundua ni ukavu, ile hali ya viazi vilivyokaushwa kushika kooni. Nikamwomba, "Mama, naomba na maziwa ya mgando." Alifurahi sana kwamba mtu wa pwani ameomba maziwa, na kuanzia hapo michembe yangu huja na kikombe chake. Swali lile si lazima liulizwe kwa sauti.

Hata bibi lilimrudia. Uzeeni aliacha kula pweza, na kwa kuwa alikuwa mpishi hakuna aliyeona. Aliwapakulia wengine, yeye akachukua mchuzi. Mjukuu mdogo kuliko wote ndiye aliyeona, akamuuliza kwa sauti ile ile ya bibi. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Simchukii, mke mwenzangu. Meno ndiyo yamekataa." Tangu siku hiyo wake wa mjomba walimpiga pweza mara mbili, mara moja mwambani na mara nyingine nyumbani kwenye kinu, wakamchemsha na vipande vya papai bichi, kwa sababu utomvu wake hulainisha nyama, na wakamkata vidogo vidogo. Bibi alikula pweza mpaka mwaka wake wa mwisho. Nakiri kwamba jambo hili bado linanigusa kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa: yule aliyetusikiliza sote, ilichukua miaka mpaka mtu amuulize yeye.

Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, Kimbiji ilisogea karibu na jiji. Wanunuzi huja hadi ufukweni na pikipiki na masanduku ya barafu, na samaki mzuri huondoka kabla jua halijapanda. Minazi mingi ya pwani yetu imekufa kwa ugonjwa, licha ya mpango wa taifa wa kuendeleza zao hilo ulioanza 1979, na nazi imekuwa kitu cha kuhesabu. Pale kijijini vijana nao wanakula chipsi mayai. Sioni ubaya wa chipsi. Kinachonisumbua ni mtoto kukua bila kujua kwa nini anapenda au hapendi, kwa sababu chipsi hazimuulizi chochote. Ni zile zile Mbagala, Kimbiji na Misungwi.

Mwanangu wa pili hapendi dagaa. Nilimuuliza. Alijibu kwamba ni wachungu, lakini si wote, wengine tu. Nilimwambia atafute ni sehemu gani. Alikaa na sahani yake, akala mkia peke yake, akala kiwiliwili, akala kichwa na tumbo, kisha akaja kuniambia uchungu uko tumboni na kichwani. Na ni kweli, nyongo na matumbo ndiyo yenye uchungu, hasa dagaa akiwa mkubwa kidogo. Kwa hiyo dagaa wa nyumbani kwetu huliwa bila vichwa wala matumbo, wanaoshwa kwa maji ya moto, wanakaangwa na vitunguu vingi na nyanya. Kazi ya kuwachambua ni yake. Jumamosi hukaa barazani na ungo, na juzi alimkalisha dada yake mdogo kando akawa anamfundisha mahali pa kubana kwa kucha. Dada yake dagaa anawapenda wazima wazima, na ameshawekewa fungu lake pembeni, na vichwa vyake.